Madaraka ya Kongresi: Kuyatoa ni Wingi wa Kawaida, Kuyarudisha ni Theluthi Mbili

Kila amri inapotoka Washington na kugusa maisha ya watu huku kwetu, sifa au lawama humwendea mtu mmoja. Januari 2025 misaada ya nje iliposimamishwa kwa siku 90, na miradi ya dawa za kufubaza VVU ikabaki haijui kesho yake, jina lililotajwa kwenye daladala na matatu lilikuwa moja: Trump. Aprili mwaka huohuo bidhaa za Kenya na Tanzania zilipowekewa ushuru wa asilimia 10, jina likawa lilelile. Ni haki atajwe, maana saini ni yake. Lakini ukiifungua Katiba ya Marekani ukatafuta nani mwenye kutoza ushuru, nani mwenye kupanga matumizi ya fedha za Hazina na nani mwenye kutangaza vita, humkuti Rais. Unaikuta Kongresi, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti. Tena unaikuta mwanzoni kabisa, katika Ibara ya Kwanza, ambayo peke yake inachukua karibu nusu ya maandishi yote yaliyotiwa saini Philadelphia mwaka 1787. Rais anasubiri hadi Ibara ya Pili.

Sibishani na anayesema Rais wa Marekani ana nguvu kupita kiasi. Anazo. Ninachouliza ni amezipataje ilhali katiba imeziweka kwingine. Jibu la haraka, kwamba amezipora, ni kweli nusu. Sehemu kubwa alipewa, kwa sheria zilizopigiwa kura mchana kweupe na wabunge waliojua wanachofanya. Na kinachozuia madaraka hayo yasirudi yalikotoka si vile vifungu maarufu ambavyo kila mwanafunzi wa sheria anavikariri. Ni kifungu cha 7 cha Ibara hiyo ya Kwanza, kile kinachoeleza muswada unavyosafiri mpaka kuwa sheria. Wasomaji wengi hukiruka kwa kudhani ni utaratibu tu wa karani.

Kwanza tuione orodha yenyewe. Ibara ya Kwanza inafungua kwa kusema kwamba madaraka yote ya kutunga sheria "yaliyotolewa humu" yako mikononi mwa Kongresi. Maneno hayo mawili ya mwisho yanabana sana. Bunge la Uingereza linaweza kutunga sheria juu ya jambo lolote chini ya jua. Kongresi ina yale tu iliyopewa, na yaliyobaki ni ya majimbo au ya wananchi, kama Marekebisho ya Kumi ya 1791 yalivyokuja kusisitiza. Yale iliyopewa yameorodheshwa katika kifungu cha 8, ibara ndogo 18: kodi na ushuru, mikopo ya taifa, biashara, uraia, sarafu, posta, hakimiliki, mahakama za chini, adhabu kwa maharamia, vita, jeshi na mengineyo. Kodi imetangulia kwa sababu inayoeleweka. Chini ya mkataba wa muungano uliokuwapo kabla ya katiba hii, Kongresi haikuwa na uwezo wa kumtoza mtu hata senti. Iliyaandikia majimbo kuomba mchango, na majimbo yakalipa yalipotaka. Askari waliomtoa Mwingereza walikaa bila mishahara. Watu waliokutana Philadelphia walikuwa wanatafuta namna ya kulipa madeni kabla ya kutafuta falsafa.

Ibara ndogo ya mwisho, ya 18, ndiyo iliyoipanua orodha nzima. Inairuhusu Kongresi kutunga sheria zote "za lazima na zinazofaa" ili kuyatekeleza yaliyotangulia. Jimbo la Maryland lilitaka kulitoza kodi tawi la Benki ya Marekani mjini Baltimore, na mtunza fedha wa tawi hilo, James McCulloch, akagoma kulipa. Hoja ya Maryland ilikuwa nyepesi kueleweka: benki imeandikwa wapi katika orodha? Haikuandikwa popote. Mwaka 1819 Jaji Mkuu John Marshall alijibu kwamba lazima hapa si kile tu ambacho bila hicho mambo hayawezekani. Lengo likiwa halali na limo ndani ya katiba, njia yoyote inayofaa na isiyokatazwa inaruhusiwa. Ukiwa na uwezo wa kukopa, kukusanya kodi na kulipa jeshi, huwezi kuambiwa huna ruhusa ya kuwa na benki. Akaongeza kuwa jimbo haliwezi kukitoza kodi chombo cha taifa, kwa sababu mwenye uwezo wa kutoza kodi ana uwezo wa kuangamiza.

Kwenye biashara ndiko kifungu cha 8 kilikovutwa mpaka kikakaribia kukatika. Katiba inasema Kongresi itasimamia biashara na mataifa ya nje, baina ya majimbo, na pamoja na makabila ya wenyeji asilia. Mwaka 1824, katika ugomvi wa meli za mvuke kati ya New York na New Jersey, Marshall alisema usafiri wa majini nao ni biashara, na New York haikuwa na haki ya kumpa mtu mmoja hodhi ya maji yanayounganisha majimbo. Hilo halikumshangaza mtu. Kesi iliyofuatia karne moja baadaye ndiyo ya kushangaza. Roscoe Filburn, mkulima wa Ohio, alipangiwa na serikali ekari 11.1 za ngano ili bei isiporomoke. Akapanda ekari 23. Akatozwa faini ya dola 117.11. Utetezi wake ulikuwa kwamba ngano ya ziada haikwenda sokoni, ilikuwa ya kulisha mifugo na familia yake palepale shambani. Biashara baina ya majimbo inaingiaje hapo? Mwaka 1942 majaji wote wa Mahakama ya Juu walisema inaingia: mkulima anayejilisha mwenyewe hanunui ngano sokoni, na wakulima wote wa nchi wakifanya kama yeye, bei ya taifa itayumba. Mimi nikiisoma hukumu hiyo huwa najiuliza ni tendo gani la binadamu lingebaki nje ya neno biashara kwa kipimo hicho. Hata mama anayesuka nywele za binti yake nyumbani amemnyima msusi mteja.

Lakini usiicheke haraka, maana hoja ileile ndiyo iliyovunja ubaguzi wa rangi katika hoteli na migahawa. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilipokataza kumfukuza mteja kwa sababu ya rangi yake, mtu angetegemea isimame juu ya Marekebisho ya Kumi na Nne, yanayozungumzia usawa mbele ya sheria. Shida ni kwamba tangu 1883 mahakama ilikuwa imesema marekebisho hayo yanazibana serikali za majimbo, hayambani mwenye duka. Kongresi ikazungukia upande wa biashara. Hoteli ya Heart of Atlanta, yenye vyumba 216 jirani na barabara kuu, ilipata wageni wake wengi kutoka nje ya Georgia. Hiyo ilikuwa rahisi. Mgahawa wa Ollie's Barbecue wa Birmingham, Alabama, uliuzia watu wa mtaani. Majaji wakaenda mpaka jikoni: mgahawa huo ulikuwa umenunua kwa mchuuzi wa hapohapo mjini nyama ya dola 69,683 kwa mwaka, na nyama hiyo ilitoka nje ya jimbo. Ikatosha. Desemba 1964 haki ya mtu mweusi kukaa mezani ikalindwa kwa stakabadhi za bucha. Kuna watu wanaona aibu katika hilo, kwamba utu ulihitaji kupitia biashara ndipo utambuliwe. Naona aibu hiyo pia, ila nadhani waliokataliwa meza wasingejali mlango uliotumika.

Kuvuta huko kulifikia kikomo mwaka 1995, mahakama ilipofuta kwa kura 5 kwa 4 sheria ya kukataza bunduki karibu na shule, ikisema kubeba bunduki darasani si shughuli ya kiuchumi hata uizungushe vipi. Mwaka 2012, kwenye kesi ya bima ya afya ya Obama, Jaji Mkuu John Roberts alisema Kongresi inaweza kusimamia biashara iliyopo lakini haiwezi kumlazimisha mtu aingie kwenye biashara ambayo hataki. Sheria ilipona kwa sababu faini ya kukosa bima ilihesabiwa kuwa kodi, na kodi ni ibara ndogo ya kwanza. Hapo kuna kichekesho kidogo. Katiba inataka miswada ya mapato ianzie Baraza la Wawakilishi, basi Seneti ilichukua muswada wa Baraza uliohusu nafuu ya kodi kwa askari wanaonunua nyumba, ikaufuta karibu wote, ikaandika humo sheria nzima ya afya. Namba ya muswada ikabaki ileile.

Mabishano yote hayo, kwa ukubwa wake, yanahusu mpaka kati ya Kongresi na majimbo au Kongresi na raia. Hayasemi lolote kuhusu mpaka kati ya Kongresi na Rais. Kwa hilo inabidi turudi kifungu cha 7, na kwa bahati kinatupitisha Kenya.

Jagdish Rai Chadha alizaliwa Kenya, mtu wa asili ya Kihindi, akaingia Marekani mwaka 1966 kwa viza ya mwanafunzi na pasi ya Uingereza. Wanaokumbuka miaka ile wanajua pasi hiyo ilikuwa na kasoro gani: tangu sheria ya 1968, Uingereza ilikuwa imewabania mlango Wahindi wa Afrika Mashariki waliobeba pasi zake yenyewe. Viza ya Chadha ikaisha Juni 1972. Idara ya uhamiaji ikamwita aeleze kwa nini asifukuzwe nchini. Hakimu wa uhamiaji akamsikiliza, na Juni 1974 akaisimamisha hatua ya kumfukuza kwa kuwa angepata dhiki kubwa, kama sheria ilivyoruhusu. Mambo yangeishia hapo. Ila sheria hiyohiyo ilikuwa na kipengele kinachosema baraza lolote moja la Kongresi, likiwa peke yake, linaweza kuutengua uamuzi kwa azimio. Desemba 16, 1975 Baraza la Wawakilishi likafanya hivyo. Kamati ilikuwa imepitia majina 340, ikachomoa sita, Chadha akiwamo. Azimio lilipita bila mjadala, bila kura kuandikwa, na wabunge walioliunga mkono hawakuwa hata wamepewa nakala. Mtu alikuwa anapoteza nchi ya kuishi kwa karatasi ambayo waamuzi wake hawajaisoma.

Chadha akashitaki, na Juni 1983 Mahakama ya Juu ikampa ushindi, 7 kwa 2. Jaji Mkuu Warren Burger alirejea kifungu cha 7. Muswada upite mabaraza yote mawili, kisha uwekwe mbele ya Rais. Akiukubali atie saini, akiukataa aurudishe, na mabaraza yakitaka kumshinda yapate theluthi mbili kila moja. Katiba haikuishia kwenye miswada, imetaja pia kila amri, azimio au kura inayohitaji idhini ya mabaraza yote mawili, ili mtu asibadilishe jina la kitu akapita uchochoroni. Kwa hiyo Kongresi ikitaka kubadili haki na wajibu wa mtu aliye nje ya kuta zake, njia ni moja. Kwamba njia hiyo ni ndefu na inachosha, Burger alisema, si hoja. Waliiandika hivyo makusudi.

Kwa Chadha mwenyewe sina ubishi hata kidogo, alistahili kushinda. Tatizo ni kilichobomoka pamoja na kesi yake. Tangu 1932 Kongresi ilikuwa imejenga mazoea: inampa Rais uwezo fulani, lakini inabaki na haki ya kusema hapana baadaye bila kuhitaji saini yake. Kwa miaka hamsini mpango ukawa huo. Jaji Byron White, mmoja wa wawili waliopinga, aliona sheria karibu 200 zenye kipengele cha aina hiyo, na akaonya kwamba kukifuta kunaiachia Kongresi machaguo mawili mabaya: isimpe Rais uwezo wowote na kujaribu kuandika kila kitu yenyewe, au impe na isiwe na namna ya kumsimamia. Wengi walimwona mtu wa kukuza mambo. Nikiangalia miaka arobaini iliyofuata, naona White ndiye aliyesoma hesabu vizuri.

Maana ni hesabu hasa. Sheria ya kumpa Rais uwezo hupita kwa wingi wa kawaida, na Rais huisaini kwa furaha. Nani anakataa kuongezewa? Sheria ya kumnyang'anya uwezo huo nayo yaweza kupita kwa wingi wa kawaida, lakini inafika meza ileile, kwa mtu yuleyule, na safari hii anaikataa. Hapo theluthi mbili zinahitajika katika kila baraza. Seneti ikihudhuria yote, maseneta 34 kati ya 100 wanatosha kumlinda Rais dhidi ya wenzao 66. Kukopa harusi, kulipa matanga. Tofauti ni kwamba hapa matanga yamemwangukia mkopeshaji.

Tazama Sheria ya Dharura za Kitaifa ya 1976. Ilitungwa baada ya kashfa ya Watergate, iliyomwondoa Rais Nixon, ili kumbana Rais: anatangaza dharura, lakini mabaraza mawili yanaweza kuifuta kwa azimio lisilohitaji saini yake. Baada ya kesi ya Chadha kipengele hicho hakikuweza kusimama, na mwaka 1985 Kongresi ikakirekebisha, azimio sasa lipelekwe kwa Rais. Sheria ya kumbana ikageuka sheria ya kumwachia. Mwaka 2019 Trump alitangaza dharura ili apate fedha za ukuta wa mpaka ambazo Kongresi ilikuwa imemnyima. Baraza la Wawakilishi likapiga kura kuifuta, 245 kwa 182. Seneti iliyokuwa chini ya chama chake mwenyewe nayo ikaifuta, 59 kwa 41. Akatumia kura ya turufu. Baraza likajaribu kumshinda, likapata 248 dhidi ya 181, na theluthi mbili hazikufika. Mabaraza yote mawili yalisema hapana, na dharura ikaendelea. Wachache walioishika turufu pamoja na Rais waliwashinda wengi wa nyumba zote mbili, na hakuna hatua hata moja iliyokwenda kinyume cha katiba.

Vita ni hivyohivyo. Agosti 1787 rasimu ilisema Kongresi itakuwa na uwezo wa kufanya vita. Wajumbe Madison na Gerry wakapendekeza neno libadilishwe liwe kutangaza vita, ili Rais asisubiri kikao adui akishambulia ghafla. Tangu Juni 1942 Kongresi haijatangaza vita yoyote, na Korea, Vietnam na Iraki zote zimepita humo katikati. Mwaka 1973 ilitunga Sheria ya Mamlaka ya Vita juu ya turufu ya Nixon, ikampa Rais siku 60 na ikajiwekea azimio la kuwarudisha askari bila saini yake. Uamuzi wa Chadha ukaligusa na hilo. Mwaka 2019 mabaraza yote mawili yalipitisha azimio la kuitoa Marekani katika vita vya Yemen. Trump akatumia turufu, Seneti ikajaribu kumshinda ikapata kura 53 kwa 45, theluthi mbili hazikufika, jambo likaisha.

Kwa upande wetu wa dunia, idhini inayofaa kukumbukwa ni ile ya Septemba 2001, iliyopita Seneti 98 kwa 0 na Baraza la Wawakilishi 420 kwa 1, mbunge pekee aliyepinga akiwa Barbara Lee wa California. Ilihusu waliopanga na kusaidia mashambulizi ya Septemba 11. Al-Shabaab haikuwa na jina wakati huo. Hata hivyo mwishoni mwa 2016 serikali ya Obama ilitangaza kuwa kundi hilo la Somalia limo ndani ya idhini ileile kama mshirika wa Al-Qaeda. Kijana aliyezaliwa Kismayu mwaka ile sheria ilipopita alikuwa mtu mzima huku ndege zisizo na rubani zikitumia kibali kilichoandikwa kabla hajatambaa. Kongresi haijawahi kupitisha idhini mahususi ya vita dhidi ya kundi hilo.

Ushuru una historia yenye haki kidogo kwa upande wa Rais. Kongresi ilipokuwa ikiandika ushuru wenyewe, bidhaa kwa bidhaa, kila mbunge alikuja na kiwanda cha kwao, na matokeo yalikuwa sheria ya Smoot na Hawley ya 1930, iliyopandisha viwango na kuwachokoza washirika wa biashara katikati ya mdororo. Mwaka 1934 Kongresi ikamkabidhi Rais kazi ya kujadiliana na nchi nyingine, na nadhani ilifanya busara. Lakini ikazoea. Zikafuata sheria za 1962, 1974 na 1977, kila moja ikiacha upenyo wake. Trump mwaka 2025 aliegemea ile ya 1977 ya uchumi wakati wa dharura, ambayo inamruhusu Rais kusimamia uagizaji wa bidhaa na haitaji ushuru hata mara moja. Mahakama ya biashara ya kimataifa mjini New York, kisha mahakama ya rufaa kwa kura 7 kwa 4, zilisema haimpi uwezo huo, na Februari 2026 Mahakama ya Juu ikasema hivyohivyo kwa kura 6 kwa 3. Lakini hiyo ni sheria moja, zile nyingine bado ziko kabatini, na Kongresi ndiyo iliyoziweka.

Kinyume chake kilionekana mwaka huohuo katika AGOA, sheria ya 2000 iliyowaruhusu Wakenya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Hiyo iliandikwa na tarehe ya mwisho. Septemba 30, 2025 ilipofika, Kongresi ikiwa haijaihuisha kwa wakati, msamaha ukakoma wenyewe, hakuna turufu wala theluthi mbili. Ilihuishwa Februari 2026 tu. Ilikuwa habari mbaya kwa viwanda vya nguo vya Athi River, lakini tuitunze kichwani kwa sababu nitairudia.

Fedha zina kifungu chao, cha 9: hakuna senti itakayotoka Hazina ila kwa matumizi yaliyoidhinishwa na sheria. Soma tena uone upungufu. Kinakataza kutumia bila idhini. Hakisemi waziwazi kwamba kilichoidhinishwa lazima kitumike. Nixon aliutumia mwanya huo kuzuia mabilioni, mojawapo yakiwa ya kusafisha maji machafu ya miji, na mwaka 1975 Mahakama ya Juu ikasema sheria ile haikumpa ruhusa ya kuzuia. Kabla ya hapo, mwaka 1974, Kongresi ilikuwa imetunga sheria nzuri kuliko zote nilizozitaja: Rais akitaka fungu lifutwe, aombe, Kongresi isipokubali ndani ya siku 45, fedha zitoke. Yaani ukimya wa Kongresi ni ushindi wa Kongresi, na Rais ndiye anayehangaika kutafuta kura.

Julai 2025 njia hiyo ilifuatwa, na kwa wingi mwembamba Kongresi ikakubali kufuta kama dola bilioni 9, nyingi zikiwa za misaada ya nje. Maseneta walikataa kugusa dola milioni 400 za mpango wa UKIMWI ulioanzishwa 2003, zikabaki. Unaweza kuuchukia uamuzi huo, mimi siupendi, lakini waliokuwa na haki ya kuamua ndio walioamua. Mwishoni mwa Agosti mambo yakawa mengine. Ikulu ikaomba kufutwa kwa dola bilioni 4.9 huku mwaka wa fedha ukiisha Septemba 30. Siku 45 zisingetimia kabla idhini yenyewe haijafa. Septemba 26 Mahakama ya Juu ikaruhusu kama bilioni 4 ziendelee kushikiliwa wakati kesi ikiendelea. Sheria iliyotungwa ili kalenda imlinde mtunga sheria ikashindwa kwa kalenda hiyohiyo.

Msomaji asidhani haya ni ya Trump na chama chake tu. Biden alijaribu kufuta mikopo ya wanafunzi ya takriban dola bilioni 400 akitumia sheria ya 2003 iliyotungwa kwa ajili ya askari waliokuwa vitani na watu walioathiriwa na dharura. Juni 2023 mahakama ikamzuia 6 kwa 3. Waliomshangilia wakati ule ndio wanaomlaani mrithi wake kwa mbinu ya ukoo uleule. Wabunge wa kila upande hupenda Rais wao awe na nguvu, kisha hushangaa Rais wa wenzao anapoirithi.

Dawa ipo ndani ya katiba yenyewe, katika ibara ndogo ya 12 ya kifungu cha 8, ambayo sijasikia ikitajwa kwenye mijadala. Kongresi inaweza kuunda na kugharimia jeshi, lakini fedha za jeshi zisipitishwe kwa zaidi ya miaka miwili. Watu wa 1787 waliogopa jeshi la kudumu mikononi mwa mtawala, hivyo wakahakikisha kwamba bila kura mpya, jeshi linakosa mshahara. Hawakuitaka Kongresi ipate theluthi mbili za kulivunja. Waliitaka tu isifanye kitu. Ndivyo AGOA ilivyokoma Septemba 2025, na ndivyo dharura, idhini za vita na uwezo wa ushuru vingeweza kuandikwa: miezi kadhaa, kisha kura, la sivyo vife. Uamuzi wa Chadha hauzuii hilo hata kidogo, kwa sababu tarehe ya mwisho inasainiwa na Rais pamoja na sheria yenyewe siku ya kwanza, wakati bado anakitaka anachopewa. Hapo ndipo mtoaji ana nguvu ya kujadiliana, na hapo ndipo Kongresi imekuwa ikilala.

Kwa sheria mpya, basi, hakuna kisingizio. Kwa zile za zamani njia ni nyembamba. Machi 2019 seneta Mike Lee wa Utah, wa chama cha Trump, alileta muswada wa kurekebisha ile ya 1976: dharura ife baada ya siku 30 isipopata kura ya Kongresi. Wenzake kadhaa wa chama waliuunga mkono. Haukuwa sheria. Na hata ungepita mabaraza yote mawili, kifungu cha 7 kingeupeleka kwa Rais ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akiitumia dharura.